Kaa wa kombe mwenye gando la zambarau, kaokotwa Maryland. Ni wa kwetu huyu?

BintiMtangata

Habari za wakati huu wanajamvi. Naomba msaada wa kumtambua kiumbe.

Naishi Marekani, mwaka wa kumi na moja huu. Mwanzoni mwa Septemba tulikwenda na watoto Ocean City, jimbo la Maryland, pwani ya Atlantiki. Asubuhi mapema, watu hawajajaa, binti yangu akaniita: "Mama, konokono anakimbia." Nikaenda kutazama. Hakuwa konokono. Alikuwa kaa wa kombe, wale wanaojisitiri ndani ya makombe ya konokono waliokufa, anatambaa juu ya mchanga mkavu karibu na majani ya matuta, mbali kabisa na maji.

Mimi ni mtu wa Mtangata, Tanga. Kwetu hao ni wenzetu wa usiku. Ukitoka na taa chini ya mikadi unawasikia kabla hujawaona, makombe yanagongana kama vijiwe. Utotoni tulikuwa tukimshika mmoja tunampulizia pumzi ya moto mlangoni mpaka achungulie. Tangu nifike nchi hii sijamwona hata mmoja. Nikampulizia huyu, akatoa macho vilevile kama wa nyumbani. Sikuona haya, machozi yalinitoka mbele ya wanangu.

Sasa sifa zake. Kombe ni la duara, limepata kama limau, na kwenye mikunjo kuna mabaki ya rangi ya buluu. Gando la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, rangi ya zambarau iliyokolea. Miguu ni ya kutu, inaelekea uchungwa. Nimeambatanisha picha nne. Yupo kwenye beseni sebuleni, nimemwekea mchanga na kipande cha embe, nangoja ushauri.

Maswali yangu mawili: ni aina gani, na je, anaweza kuwa ametoka pwani ya kwetu? Kuna mtu pale ufukweni aliniambia ni kaa wa kawaida wa bahari ile. Sikukubali.

MbiziMsasani

Dada, kaa wa makombe wapo kila bahari. Atlantiki wamejaa. Anapumua kwa matamvua huyo, mrudishe majini haraka kabla hajakufa.

MzeeMakombe

Binti Mtangata, tafadhali USIMTIE BAHARINI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ushauri huo hapo juu, ingawa umetolewa kwa nia njema, utamuua.

Kaa wa makombe wako wa namna mbili. Wapo wa majini, ambao ni mamia ya aina, na wapo wa nchi kavu, jenasi moja inayoitwa Coenobita, yenye aina chache tu, kama kumi na sita. Wa nchi kavu ana matamvua, lakini yamepungua, yanataka unyevu wa hewa. Hubeba maji kidogo ndani ya kombe lake kulowesha mwili. Ukimzamisha muda mrefu anakufa maji kama wewe na mimi.

Nitajuaje kwamba wako ni wa nchi kavu? Kwanza gando. Pale Maryland wenyeji wa maji ni wawili hasa: Pagurus longicarpus, mdogo, mwenye gando refu jembamba, na Pagurus pollicaris, mkubwa zaidi, gando lake pana na bapa. Wote wawili gando kubwa ni la KULIA. Wako ni la kushoto. Ukishuka kusini zaidi, kuanzia Virginia, kuna Clibanarius vittatus, lakini huyo magando yake yanakaribia kulingana na miguu ina mistari kwa urefu. Siye.

Pili, vipapasio. Kwenye picha yako ya pili, jozi ile ndogo ya ndani imejikunja kuelekea chini na ncha zake ni butu. Ndiyo pua yake ya kunusia hewani. Wa majini hana umbo hilo. Kwa hiyo jenasi tumeimaliza: ni Coenobita, na Coenobita hana kwao Maryland. Kwa upande ule wa dunia kikomo chake cha kaskazini bara ni Florida, na baharini ni Bermuda, ambako maji ya moto humfikia.

Aina yake ndiyo inataka subira. Nipatie picha hizi: gando kubwa kwa juu, upande wa nje, karibu kabisa, jicho kwa ubavu, na mdomo wa kombe.

Wakati huohuo muwekee maji ya aina mbili, ya chumvi ile ya matangi ya samaki (si ya mezani) na ya kunywa yasiyo na chumvi wala klorini. Funika beseni unyevu usikimbie. Joto lisishuke chini ya nyuzi 24. Mchanga uwe na kina, ulowe kiasi cha kushikana ukiufinya.

MbiziMsasani

Nimekubali mzee. Samahani dada, nisingejisamehe angekufa kwa neno langu.

BintiMtangata

Shikamoo mzee, na ahsante sana. Mbizi, hakuna ubaya, hata mimi nilikuwa nishachukua funguo za gari.

Picha hizo hapo. Gando nimelipiga kwa mwanga wa dirishani. Kwa jicho langu ni laini, lina vipele vidogo tu, halina mistari. Jicho ni jeusi, la mviringo. Mdomo wa kombe ni duara kamili na ndani unang'aa kama lulu.

Mvita_Kisauni

Nami nichangie kutoka Mombasa. Tunao wa aina kadhaa huku. Yule aliyejaa fukweni ni Coenobita rugosus. Ana rangi zote, mweupe, wa kijivu, wa waridi, mpaka mweusi, kwa hiyo rangi haikusaidii. Kinachomtambulisha ni mishono: juu ya gando la kushoto, upande wa nje, kuna vijimistari vya mshazari vilivyopangana kama mtu kashona kwa sindano. Akikwaruza hapo anatoa ule mlio. Wa Binti hana mishono, basi rugosus ametoka. Perlatus pia ametoka, yule mwekundu mwenye punje nyeupe.

Lakini wakuu, anabaki mmoja wa kwetu: Coenobita brevimanus. Gando la zambarau, kubwa, halina mishono. Huyo anapatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki mpaka visiwa vya katikati ya Pasifiki. Mimi kura yangu ni hiyo. Dada, huenda umemwokota jirani yako.

BintiMtangata

Mvita, umenifanya nishindwe kulala.

MzeeMakombe

Mvita ameigusa penyewe, na nampongeza, maana hapa ndipo wengi hukosea kwa pande zote mbili.

Wanaoshindana ni watatu.

Coenobita compressus, wa pwani ya Pasifiki ya Amerika, Meksiko kwenda chini. Huyu huuzwa sana Marekani. Ana mishono kwenye gando, na jicho lake ni refu kama mkato wa kuandikia. Picha ya jicho inamtoa.

Coenobita brevimanus, wa Mvita. Jina lenyewe ni "mkono mfupi" kwa Kilatini. Akikomaa, uzambarau humwenea mwili, au hugeuka hudhurungi yenye zambarau.

Coenobita clypeatus, wa Karibea. Fabricius alimpa jina mwaka 1787, na maana yake ni "mwenye ngao". Ukimshtua akirudi ndani utaona ni kwa nini: gando la kushoto linaziba mlango kama ngao. Gando ni zambarau, halina mishono, jicho ni la mviringo, na miguu huwa na rangi ya kutu inayoachana wazi na gando. Tazama picha ya kwanza. Gando na miguu havifanani rangi hata kidogo.

Mimi nasema clypeatus. Ila sikuegemea rangi peke yake, kwa sababu kaa hubadilika akijivua gamba, na chakula nacho humgeuza. Nimeegemea njia aliyopitia, na njia hiyo imeandikwa kwenye kombe.

Kombe la duara lenye mdomo wa duara na ndani ya kung'aa ni la konokono wa jenasi Turbo. Pale Maryland hakuna Turbo mkubwa hivyo. Angejichagulia mwenyewe kombe ufukweni angeokota la konokono-mwezi wa kule, Neverita duplicata, ambalo halina lulu ndani. Na ile rangi ya buluu ni rangi ya dukani. Miji ya starehe ya pwani ile ya mashariki, maduka ya zawadi huuza kaa hawa ndani ya makombe ya Turbo yaliyopakwa rangi, na wanaouzwa zaidi ni clypeatus waliookotwa visiwani Karibea. Kuwazalisha kifungoni ni kazi ngumu mno, ndiyo maana karibu wote ni wa kuokotwa mwituni. Brevimanus hufika Marekani, lakini ni wachache.

Mtoto alinunuliwa kaa, likizo ikaisha, wakubwa wakaona wamrudishe "kwao baharini". Nimeona hadithi hiyo mara nyingi mno, na inaniuma kila mara, kwa sababu aliyemwachia anaondoka akidhani ametenda wema.

Mwani_Paje

Mzee, naomba kukupinga kidogo, kwa heshima. Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream), ule wa maji ya uvuguvugu utokao kusini, unapita karibu na pwani ile, na unajulikana kubeba vifaranga vya samaki wa tropiki kutoka Karibea na Florida mpaka New Jersey na New York kila kiangazi. Kaa wa nchi kavu naye mama yake huachia mayai ukingoni mwa maji, na viluwiluwi huelea baharini majuma kadhaa kabla ya kutafuta kombe na kupanda juu. Kwa nini huyu asiwe amekuja mwenyewe kwa mkondo? Itakuwa ni safari ya maumbile, siyo ya duka.

MzeeMakombe

Swali zuri sana, na nafurahi umeuliza, kwa sababu tukiliacha tunakuwa tumebahatisha.

Kiluwiluwi kuletwa na mkondo si jambo la kukataa. Lakini akifika atakuwa mdogo kuliko punje ya mchele, ndani ya kikombe cha konokono mdogo kabisa. Wa Binti anajaza kombe la ukubwa wa limau. Kaa hawa hukua polepole, huyo ni wa miaka kadhaa. Angefika akiwa mchanga ingebidi apite majira ya baridi ya Maryland si mara moja. Maji pale hushuka chini ya nyuzi 10, nchi kavu huganda. Hakuna Coenobita wa kuvuka hapo. Hao samaki uliowataja nao hufa vuli ikiingia. Kwa hiyo alifika akiwa mkubwa, na mkubwa hasafiri kwa mkondo, husafiri kwa mkono wa mtu.

Mwani_Paje

Nimeridhika. Hoja ya ukubwa sikuifikiria.

Kwa kuwa makombe yametajwa, niseme la huku. Watu wanaokota makombe fukweni kuwauzia wageni, na nimeshaona kwa macho yangu kaa kavaa kifuniko cha chupa. Mwaka 2024 watafiti wa Poland walichapisha kazi waliyoifanya kwa kupitia picha ambazo watu walishaziweka mtandaoni: waliwapata kaa 386 waliovaa takataka, wengi wao vifuniko vya plastiki, na walikuwa wa aina 10 kati ya 16 za kaa wa nchi kavu. Picha za watu wa kawaida tu, kama hizi za Binti. Ndiyo maana naomba picha zipigwe vizuri, hujui nani atakuja kuzisoma.

BabuMuscat

Nawasalimu kutoka Oman. Huku kwetu tunaye Coenobita scaevola, wa Bahari ya Sham mpaka pwani hizi za Uarabuni na Pakistani. Mchana huwezi kumwona, amejizika mchangani akikimbia jua. Jamani mimi nilidhani kaa ni kaa.

Mvita_Kisauni

Mzee, nakubali njia inaelekeza Karibea. Lakini wewe mwenyewe umesema brevimanus hufika Marekani, wachache. Je, akiwa ni mmoja wa hao wachache? Binti anahitaji jibu la mwili. Kwa nini asipeleke kwa wataalamu? Washington si mbali na kule, na jumba la makumbusho la maumbile la Smithsonian lina hazina kubwa sana ya wanyama wa jamii hii.

Halafu kombe kutokuwa la kwao si ushahidi wa kutosha. Yule konokono mkubwa wa mashambani kwetu, Achatina fulica, asili yake ni Afrika Mashariki, watu wakamsambaza mpaka visiwa vya Pasifiki na Japani. Leo kaa wa nchi kavu wa kule wanavaa kombe lake. Ukimwokota kaa wa Okinawa ndani ya kombe la konokono wa Pangani, utasema kaa katoka Pangani?

MzeeMakombe

Mvita, umesema kweli tupu, na mfano wa konokono ni wa kuhifadhi. Kombe linakueleza njia, halikuelezi ukoo. Bermuda huyohuyo clypeatus amekuwa akivaa makombe ya kale yaliyochimbuka ardhini, ya konokono Cittarium pica aliyekuwa ametoweka kisiwani mpaka aliporejeshwa miaka ya 1980. Ungesoma kombe peke yake ungedhani kaa ni wa zama nyingine.

Kwa hiyo hukumu yangu naiandika hivi: jenasi ni hakika kwa mwili, aina ni clypeatus kwa rangi, jicho, gando lisilo na mishono na njia ya biashara, vyote pamoja. Hakika zaidi ya hiyo itatoka kwa mtaalamu kumshika mkononi, au kwa kipimo cha vinasaba.

Ila asiuawe kwa ajili ya jina. Na gamba atakalojivua asinyang'anywe, Binti, hata kama litakuvutia kulipeleka makumbusho. Hulila lenyewe ili apate chokaa ya kukazia gamba jipya. Picha nzuri zinatosha kumpelekea mtaalamu.

BintiMtangata

Nimesoma yote, mara mbili. Nataka kusema ukweli wangu. Nilipouliza nilikuwa nimeshajijibu moyoni. Nilitaka awe wa Tanga. Mvita aliponiambia brevimanus nilimpigia simu mama usiku uleule. Sasa nimemtazama tena huyu mnyama bila kumtazama Mtangata ndani yake, na naona Mzee anachokiona: gando rangi yake, miguu rangi yake.

Jambo moja nimeliona leo. Nimemwekea makombe matatu ya Turbo yasiyopakwa, mapana kidogo kuliko lake. Alilizunguka la kati kama robo saa, akaingiza gando kupima ndani, kisha akahama kwa kufumba na kufumbua. Wanangu walipiga kelele. Lile la buluu limebaki tupu. Ndani yake kuna chembe za rangi zimebanduka.

MzeeMakombe

Hizo habari zimenipa furaha kubwa. Lile la buluu usimrudishie, na usilitupe ufukweni.

Hapendi kuishi peke yake. Jina Coenobita linatokana na neno la Kigiriki la watawa wanaoishi pamoja, na limempendeza. Mwituni husogea makundi kwa makundi, hata makombe huyabadilisha kwa foleni, mkubwa akihama aliyemfuatia anachukua lake, hivyo mpaka wa mwisho. Ukimpata mtu anayefuga kundi kwa ujuzi, mpe. Wengi huishi muda mfupi kifungoni kwa matunzo mabaya, ilhali wapo waliopita miaka 30.

BintiMtangata

Mrejesho, Oktoba. Nimepata familia karibu na Baltimore yenye tangi kubwa na kaa tisa, wote clypeatus waliokusanywa kwa watu waliowachoka. Nilimpeleka Jumamosi. Nilipomweka katikati yao sikuweza kumtofautisha na wenzake ila kwa kombe jipya. Mwenye nyumba alimgeuza, akamtazama gando na miguu, akasema jina lilelile kabla sijafungua mdomo.

Picha zote nimeziweka iNaturalist, ule mtandao ambao watu huweka picha za viumbe ili vitambuliwe, na maelezo kwamba alikuwa ndani ya kombe la dukani lililopakwa rangi, Ocean City, ili atakayezikuta asidhani kaa hawa wamehamia Maryland.

Kuna la mwisho. Kaka yangu aliyebaki nyumbani amekuwa akiusoma uzi huu. Juzi usiku ametoka na taa mpaka kwenye mikadi ya chini ya nyumba ya bibi, akamshika mmoja mkubwa, wa kijivu, akampiga picha gando la kushoto kwa karibu. Mzee, naomba umtazame. Mimi nimehesabu mishono saba.

MzeeMakombe

Saba, nami nimeihesabu. Coenobita rugosus. Mwambie amrudishe palepale chini ya mkadi kabla hakujapambazuka.